Baba ameshindwa mtihani wa uraia wa Marekani, nami nikafurahi

Tantine, jambo sana.

Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nyumba yetu haina kona ya mtu kukaa peke yake, na jambo lenyewe sijamwambia yeyote, hata mama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, ndani ya parsele ya baba, yaani kiwanja chake chenye nyumba. Mwaka 2019 baba, mama na mdogo wangu wa mwisho walihamia Marekani kwa ile loteri ya visa. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimeshapita miaka 21, karatasi za wazazi hazikunibeba tena. Niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege wa Luano, nikarudi na ufunguo wa nyumba. Leo wako Des Moines, jimbo la Iowa. Baba alimaliza nguvu zake kwenye reli hapa Lubumbashi. Kule anakata nyama kiwandani.

Mwezi wa 11 mwaka 2025 aliweka ombi la uraia, akaniambia: "Mwalimu wa nyumba hii ni wewe. Utanifundisha." Basi kila siku niliamka saa kumi ya alfajiri, kwao ikiwa saa mbili ya usiku, tukasoma kwa WhatsApp. Nilipata kwenye intaneti orodha ya maswali 100 na majibu yake, nikayaandika daftarini, nikamrekodia sauti asikilize akiwa kwenye basi. Baba aliyameza yote kama katekisimu. Ukimtajia namba tu, anakupa jibu. Nilijivuna, Tantine. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu.

Akaitwa. Kusoma Kiingereza alipita. Kuandika alipita. Maswali ya serikali akaanguka. Alinipigia simu kabla hajatoka hata kwenye maegesho ya magari. Akasema: "Aliniomba majimbo matano kati ya yale 13 ya kwanza. Wewe ulinipa matatu." Halafu akasema aliulizwa maana ya maneno ya mwanzo ya katiba yao, yeye akayataja maneno. Afisa akamwambia, nataka maana yake. Akayataja tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho afisa akamkatiza hata maswali hayajaisha. Baba anaamini alichukiwa kwa sababu ya matamshi yake.

Niliporudi kutafuta vizuri nikaona: orodha yangu ni ya zamani. Sijamwambia. Anazunguka nyumbani kwao akisema kichwa chake kimezeeka, kimeshaingia kutu.

Hilo ni la kwanza. La pili linanitia aibu. Alipokata simu nilikaa kitandani na moyo ukatulia, kama mtu aliyeambiwa safari imeahirishwa. Nilifurahi, Tantine. Baba yangu ameanguka mtihani, mimi nimefurahi. Nilikuwa nafikiri: akiapa kule, siyo Mkongomani tena, basi mimi hapa ni mtoto wa nani? Na kuna baba mdogo. Tangu asikie habari ya uraia, kila Jumapili baada ya misa anakuja, anakaa kwenye kiti cha baba, anasema katiba yetu hairuhusu uraia wa pili, na mwenye kuacha taifa ameacha na parsele, kwa hiyo nimpe hati "azitunze kwa ajili ya ukoo."

Baba amepewa nafasi ya pili, zimebaki kama wiki nane. Nimwambie kuhusu orodha? Nina haki gani ya kumfundisha na moyo wa namna hii? Na mbona nasikia kuna wazee wanaofanyiwa mtihani kwa lugha yao, yeye ana miaka 58 na amefanyiwa kwa Kiingereza? Na baba mdogo nimjibu nini?

Mimi, binti wa Katuba

Tantine anajibu

Binti yangu, jambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mzazi, mara ya pili kama mwalimu. Kabla ya kuanza kujibu barua za watu nilifundisha somo la uraia hapa Lubumbashi, lile tuliloita sivisme, kwa miaka 22. Usishangae basi nikisahihisha daftari kabla ya kukufuta machozi.

La orodha mwambie leo. Ukingoja Jumapili utakuwa umeshapata sababu ya kungoja Jumapili nyingine. Huyo mzee anatembea akiamini ubongo wake umeoza, na mtu anayeamini hivyo hata ukimfungulia kitabu kipya ataona herufi tu. Mwambie kwa maneno machache: "Baba, nilikufundisha maswali yasiyo yako. Kosa ni langu, kichwa chako ni kizima." Usiongeze hadithi ya jinsi ulivyodanganywa na intaneti. Akikasirika, akasirike. Hasira ya saa moja itamponya kuliko huruma ya wiki nane.

Halafu mpe hesabu yenyewe, kwa sababu mtu wa reli anapenda hesabu. Walioweka ombi kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025 wanaulizwa kutoka orodha ya maswali 100: afisa anauliza hadi 10, wewe unahitaji 6. Walioweka ombi kuanzia tarehe hiyo wana orodha ya 128: afisa anauliza hadi 20, unahitaji 12. Baba yako aliomba Novemba, kwa hiyo wewe ulimpa ramani ya mji mwingine. Mito mirefu ya Missouri na Mississippi mliyoimba alfajiri haimo tena. Majimbo ya mwanzo, orodha ya zamani ilitaka matatu, mpya inataka matano. Orodha sahihi iko bure kwenye ukurasa wa serikali ya Marekani yenyewe, ule wa anwani inayoishia na .gov. Usinunue kitabu cha mtu.

Na huyo afisa hakumchukia. Kwenye mtihani huu mpya mwulizaji anaacha mara mtu anapofikisha majibu 12 sahihi, na anaacha vilevile anapofikisha 9 ya kukosa, maana hata akiendelea matokeo hayabadiliki. Mzee aliona amekatizwa kwa dharau, kumbe hesabu ndiyo ilikuwa imefika mwisho. Mweleze hilo vizuri sana. Mtu akirudi kwenye chumba kile akiamini kuna adui mezani, jibu la kwanza litamkwama kooni.

Wazee na lugha yao: wapo, lakini umri peke yake hautoshi. Mwenye miaka 50 awe ameishi na grini kadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, miaka 20, mwenye 55 awe nayo miaka 15, ndipo anaachiwa Kiingereza na kuulizwa kupitia mkalimani. Mwenye 65 na miaka 20 ya grini kadi anapewa hata orodha fupi ya maswali 20. Baba yako ana umri, miaka ya kadi hana. Tuendelee.

Nafasi ya pili hutolewa kati ya siku 60 na 90 baada ya ile ya kwanza, na anarudia sehemu aliyoanguka tu. Kusoma na kuandika amekwisha. Akianguka tena ombi litakataliwa, atalazimika kuomba upya na kulipa upya, lakini grini kadi haichukuliwi kwa sababu ya kukosa maswali. Najua haumwi na hilo, ila yeye huenda analala nalo.

Sasa tuje kwenye daftari lako, maana hapo ndipo nilipokasirika kidogo, na hasira yenyewe ni juu yangu pia. Miaka mingi niliwafanya watoto wakariri. "Raia ni nani?" Darasa zima linaimba jibu. Siku moja mtoto akaniuliza swali lilelile kwa maneno mengine, darasa likanyamaza, nami nikagundua nilikuwa nafundisha kwaya. Baba yako ulimfundisha kwaya. Angalia alichoulizwa: orodha ya zamani ilikuwa inauliza maneno matatu ya kwanza ya katiba yao, "We the People". Orodha mpya inakutajia maneno, inataka ueleze maana. Hapo kariri haisaidii. Lakini mzee huyo jibu analo, tangu nyumbani! Katiba yetu ya 2006 inaanza vipi? "Nous, Peuple Congolais". Sisi, watu wa Kongo. Mwulize baba kwa nini kitabu kikubwa cha nchi kinaanza na "sisi" badala ya "mimi Rais". Atakuambia: kwa sababu nguvu ni za watu, watu ndio wanaojitawala. Basi, hilo ndilo jibu. Imebaki kulitia kwenye Kiingereza kifupi.

Baba yako kazaliwa karibu na 1968. Maana yake kasoma shule nzima chini ya Zaire ya Mobutu, na Zaire ilitufundisha kwamba chama ndicho serikali na serikali ndicho chama. Mtu aliyekua hivyo ukimwuliza kwa nini madaraka yamegawanywa matatu, atakariri Kongresi, Rais, Mahakama, lakini ndani ya kifua bado anaona mtu mmoja mwenye kofia. Kwa hiyo acha vitabu, rudi relini. Mwulize: anayepanga ratiba ya treni ni nani? Anayeendesha ni nani? Anayekagua kama sheria za njia zimefuatwa ni nani? Na je, dereva anaweza kujipa ishara ya kuondoka mwenyewe? Atacheka, atakuambia dereva wa namna hiyo anaua watu. Mwambie basi Wamarekani nao waliogopa dereva huyo. Kongresi inatunga sheria, Rais anazitekeleza, mahakama inaamua kama zinapatana na katiba. Swali la nani anaweza kumzuia nani atalijibu hata akiwa usingizini, kwa sababu amelifanyia kazi miaka thelathini.

Tahadhari moja kuhusu neno Kongresi. Kwetu neno hilo ni la siku maalum: ni pale Baraza la Taifa na Seneti wanapokaa pamoja katika chumba kimoja. Kule Kongresi ndiyo jina la bunge lenyewe, kila siku, vyumba vyote viwili. Nimeona watu wetu waliosoma sana wakianguka kwenye shimo hilo, wasiosoma wakapita.

Seneti, sasa, ni zawadi kwa mwalimu. Wao wana majimbo 50, kila jimbo maseneta 2, jumla 100. Sisi, ukiiweka Kinshasa pembeni, tuna majimbo 25, kila moja maseneta 4. Piga hesabu: 100 pia. Kinshasa yetu ndiyo inajiongezea wake 8, wakati Washington, mji mkuu wao, haina seneta hata mmoja. Baba akishaiona hesabu hiyo hataisahau, na Wakatanga huwa wanafurahi sana kusikia mji mkuu umenyimwa kitu. Baraza lao la Wawakilishi lina 435, letu la Taifa 500. Mahakama yao ya juu ina majaji 9, Mahakama yetu ya Katiba 9 vilevile, ila wa kwao hukaa maisha, wa kwetu miaka 9.

Rais akishindwa kuendelea na kazi? Kwetu anakaimu mkuu wa Seneti. Kule anashika makamu wa Rais, na makamu naye asipokuwepo, spika wa Baraza la Wawakilishi. Hapa mzee atachanganya, nakuonya, kwa sababu kizazi chetu bado kina ile 1+4 kichwani, Rais mmoja na makamu wanne kati ya 2003 na 2006. Mwambie Marekani ni 1+1, akariri hivyohivyo kwa utani. Miaka ya kukaa madarakani: mwakilishi 2, Rais 4, seneta 6. Tena orodha mpya inauliza kwa nini mwakilishi amepewa muda mfupi kuliko seneta. Jibu: ili awe karibu na maoni ya watu. Usimpe jibu hilo. Mwulize kwanza: "Baba, deputé ukimpa miaka mitano bila kumwuliza chochote, utamwona lini tena mtaani?" Mwache aseme. Ataongea dakika kumi, nawe utakuwa na jibu lako.

Wajibu wa raia ndio sehemu inayowaangusha watu wetu wakiwa na uhakika kabisa. Ukiwauliza mfano wa kushiriki mambo ya jamii, kizazi cha baba yako kitajibu salongo, kufagia mtaa, kuzibua mifereji. Kazi njema, nami nilifagia. Ila salongo tuliamriwa. Kule wanataka yale ambayo raia anaanzisha mwenyewe: kupiga kura, kugombea, kuingia chama au kundi la mtaa, kumwandikia mwakilishi wako barua ya kumwambia hukubaliani naye. Kwa mzee wa Zaire hilo la mwisho lazima lirudiwe mara kadhaa kabla hajaamini kwamba ni jibu sahihi.

Kodi haitamsumbua. Katiba yetu pia inaihesabu kuwa wajibu, na kule anakatwa kila mshahara. Jury ndiyo ngeni. Kwetu kesi inakatwa na mahakimu. Kule raia wa kawaida, fundi gari, muuguzi, mkata nyama, anaweza kupata barua ya kumwita mahakamani akae na wenzake, wasikilize kesi ya mtu wasiyemjua na waseme ana hatia au hana. Mweleze kwa kikao cha familia, pale wazee wanapoitwa kusikiliza mume na mke. Tofauti ni kwamba humo mtu mwenye undugu na mmoja wao hatakiwi kabisa kukaa. Hii ni kazi ya raia peke yake, mwenye grini kadi haitwi. Kupiga kura ya kitaifa ni hivyohivyo. Mambo mawili hayo ayashike pamoja.

Jinsi ya kuuliza: vuruga namba. Ukiuliza kwa mpangilio wa daftari, anajibu mpangilio. Anza nyuma, ruka, rudia lile alilolikosa juzi. Afundishwe kujibu kwa ufupi na kunyamaza, maana wazee wetu wakiulizwa jambo wanatoa na historia yake, na katika historia hiyo ndipo kosa linapoingia. Afundishwe pia kumwomba afisa arudie swali, si dhambi. Na sauti: wewe ni mwalimu wa Kifaransa na Kiswahili, matamshi yako ya Kiingereza ni kama yangu. Mdogo wako ana miaka 14, amekulia kule. Yeye ndiye amwulize baba maswali mezani, kwa mdomo wa Kimarekani, haraka-haraka kama afisa. Wewe baki na maana, alfajiri yako ileile. Siku moja moja geuza: baba awe mwalimu, wewe uwe mwanafunzi mkaidi unayebisha. Atakapokushinda kwa hoja, yuko tayari.

Umeniuliza una haki gani ya kumfundisha na moyo huo. Binti yangu, uliachiwa ufunguo wa nyumba uwanja wa ndege ukiwa na miaka 22 kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa namna hiyo akisikia mlango unakawia kufungwa, moyo unatulia. Sioni kosa hapo. Kuhusu kumwambia baba habari ya furaha hiyo, mimi nasema hapana, si sasa. Ukimwambia leo utakuwa umempa mzigo wako aubebe mpaka chumba cha mtihani. Siku akija Lubumbashi, mkiwa mmekaa na bukari na sombe mbele yenu, mtajua wenyewe kama ni ya kusema. Ila jichunge kwa jambo moja: siku utakapomwambia mega za intaneti zimekwisha wakati hazijakwisha, ujue furaha ile imeshika chaki. Hapo mpe mdogo wako kazi yote.

Na usidhani anakimbilia karatasi kwa ajili ya fahari. Mtoto mwenye grini kadi anayeishi na mzazi wake kule, mzazi akiapa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, naye anakuwa raia palepale, bila mtihani. Mdogo wako ana 14. Baba yako anahesabu, huenda hakukuambia. Anajua pia kwamba raia anaweza kumwombea hata mtoto mtu mzima, aliyeolewa au asiyeolewa, wakati mwenye grini kadi anaweza kumwombea asiyeolewa tu. Foleni hizo ni za miaka, mchumba akija usimwambie angoje Marekani. Lakini jina lako limo kwenye hesabu za mzee.

Umesema, mtoto wa nani. Uraia wako uliupata kwa kuzaliwa na wazazi Wakongomani, na kiapo cha baba hakiugusi. Uraia wake yeye unaguswa, hilo sitakuficha. Kifungu cha 10 cha katiba yetu kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine wowote, na sheria ya 12 Novemba 2004 inasema anayepata uraia wa nchi nyingine anaupoteza huu. Siku akitaka kuja kulala kwenye nyumba aliyoijenga Katuba atahitaji visa. Sheria hiyohiyo ina njia ya aliyezaliwa Mkongomani kurudishiwa uraia wake, lakini kwa masharti, na hawezi kushika vyote viwili. Hayo anatakiwa ayajue kabla, na ayaamue yeye na mama yako. Kati ya kufaulu mtihani na kunyanyua mkono kuapa mara nyingi kuna muda. Kufaulu peke yake hakumwondolei kitu.

Muda huo ndio wa parsele. Baba yako mdogo amesema kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo inakutisha. Sheria yetu ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, nasi tunapewa haki ya kuutumia. Ile haki isiyo na mwisho, konsesyo ya kudumu, imewekewa mtu mwenye uraia wa Kongo. Mgeni anapewa ya muda, inayoweza kufika miaka 25 na kuandikwa upya. Kwa hiyo ni kweli baba asiape huku karatasi zimelala kwa jina lake. Lakini hakuna mahali sheria inaposema parsele ya mtu aliyebadili uraia inaangukia mikono ya ndugu yake. Baba yako hajafa. Hakuna urithi wa kugawa.

Angalia kwanza mna karatasi gani. Ni hati ya usajili, ile ofisini wanayoita certificat d'enregistrement, au ni kijitabu cha zamani na karatasi ya mauzo? Kama ni ya pili, kazi ni kubwa zaidi na ianze mwezi huu. Nenda na nakala, nasema nakala, kwa mhifadhi wa hati za ardhi wa eneo lenu, ukiwa na wakili, uulize njia ya kuhamishia jina lako wewe, mtoto mtu mzima mwenye uraia wa Kongo. Baba atume hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, ayafanye hayo akiwa bado Mkongomani. Mama yako naye aulizwe kama anakusudia kuomba uraia, usije ukaandika jina lake leo ukalifuta mwakani.

Hati zenyewe hazitoki ndani ya nyumba. Baba mdogo ni mzazi wako, usibishane naye kifungu kwa kifungu, utaonekana huna adabu hata ukiwa na haki. Jumapili akija, mpe chakula, kisha mpigie baba simu ya video, uiweke mezani, uondoke ukaoshe vyombo. Ndugu wawili waongee. Atakachosema mzee kwa mdomo wake, wewe huna haja ya kukirudia.

Na kile kiti cha baba, Jumapili hiyo kikalie wewe mapema.